Tupeane uzoefu: mlijiandaaje kabla ya kuonana na daktari wa upasuaji kwa ajili ya mgongo uliopinda?

BegaMoja

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale wenye skoliosisi ukubwani, yaani uti wa mgongo umepinda kwenda pembeni na umri wa kurefuka ulishapita zamani, na mmeshakaa au mnajiandaa kukaa mbele ya daktari wa upasuaji. Nataka tuongelee ile KABLA tu, stori za chumba cha upasuaji zipo nyingi na zingine zinatisha bure.

Naanza na mimi. Nina miaka 43, mgongo ulianza kupinda nikiwa na 13 hivi nikaambiwa ukikua utatulia. Haukutulia. Fundi cherehani ndo aliyenishtua, aliniuliza mbona kila sketi yangu anapandisha upindo upande mmoja. Basi nikaomba kuonana na bingwa, nikasubiri miezi minne, siku imefika nikaingia mikono mitupu. Picha za zamani sina, nimebeba picha ya MRI tu, dawa ninazomeza nasema "kile kidonge cheupe kirefu", na alivyoniuliza unataka nikusaidie nini nikaanza kulia. Robo saa ikaisha. Nikatoka na karatasi ya kwenda kupiga picha nyingine na maswali yangu yote bado yako kichwani.

Sasa nina miadi ya pili baada ya wiki tatu na sitaki kurudia ujinga ule. Nyie mlibeba nini, mliuliza nini, nini mnatamani mngejua mapema?

Digrii47

Pole sana dada, hilo la MRI hata mimi lilinikuta. MRI unapigwa umelala, inaonyesha vizuri diski (vile vimto laini kati ya pingili) na mishipa ya fahamu inavyobanwa ila mpindo wenyewe unapungua ukilala kwasababu uzito wa mwili haupo, so daktari hawezi kuupima pale. Anachotaka ni eksirei ndefu ya umesimama, kuanzia shingoni mpaka kwenye nyonga, moja ya mbele moja ya ubavuni. Hiyo ya ubavuni usiidharau, mi nlidhani shida yangu ni kulia na kushoto tu kumbe kwa watu wazima kinachotesa zaidi mara nyingi ni mwili kuegemea mbele, kichwa kikitangulia nyonga misuli inafanya kazi kutwa nzima kukushikilia usianguke. Vua viatu na simama unavyosimama siku zote. Mi nlijinyoosha kama askari wa gwaride, daktari akacheka akasema hapa umeudanganya mgongo wako, rudia.

Jingine, msife kwa presha ya namba. Picha yangu ya kwanza nliambiwa mpindo ni digrii 47, miaka miwili baadae mwingine akapima 51, sikulala wiki nzima. Kumbe hii pembe ya Cobb, ndo kipimo cha mpindo (huyo ni daktari Mmarekani aliyeieleza 1948) inapimwa kwa kuchora mistari juu ya picha, madaktari wawili wakipima picha moja ileile wanaweza kupishana hata digrii 5. Yaani 4 zangu inawezekana ilikua kalamu tu. Ila kama una picha ya miaka 10 nyuma na ya leo, mtu mmoja akazipima zote kwa wakati mmoja, hapo ndo utajua unaenda au umesimama. Kwa nlivyoelezwa mipindo ya chini ya 30 ukubwani huwa haisogei sana, ya kifuani ikivuka 50 ndo huwa inatambaa, wastani wa digrii 1 kwa mwaka hivi, sio kwa kila mtu. Kwa hiyo tafuta picha za zamani kokote ziliko, hata ya kifua ya kikohozi cha miaka hiyo, mgongo huwa unaonekana humo.

MtotoWaMwisho

Namuandikia mama yangu, ana miaka 68. Yeye hakuwa na mpindo ujanani kabisa, umekuja uzeeni, diski na viungo vya pingili za kiuno vimelika upande mmoja zaidi ya mwingine basi jengo likaanza kulala. Kwake kinachomsumbua ni miguu. Akitembea kidogo inakufa ganzi na kuwaka moto, akiinama mbele au akikaa inapoa. Sisi miaka yote tunajua ni damu haiendi vizuri.

Nilichofanya kabla ya miadi, nilimfuata na saa wiki mbili. Anatembea dakika ngapi kabla hajatafuta pa kukaa, anasimama jikoni muda gani, usiku anaamka mara ngapi. Nikagundua kitu, akisukuma toroli au kiti cha magurudumu cha jirani anaenda mbali mno, akitembea mikono mitupu dakika 6 tu. Ile sentensi ya toroli daktari aliivalia njuga kuliko picha zote, alisema hiyo ni njia ya mishipa ya fahamu imekua nyembamba, mtu akiinama inafunguka kidogo. Akamuuliza ukigawa maumivu yako kwa kumi, mangapi ni mgongo mangapi ni miguu? Mama akajibu nane miguu mbili mgongo. Jibu hilo peke yake lilibadilisha maongezi, maana kuna upasuaji mdogo wa kufungua tu palipobana na kuna ule mkubwa wa kunyoosha na kufunga vyuma, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Japo alituonya pia kwamba ukifungua tu bila kushikilia kwenye mgongo uliopinda kuna wakati mpindo unazidi, so sio kwamba kidogo ndo salama siku zote.

Mpaka leo hajapasuliwa. Anafanya mazoezi tiba na alichomwa sindano ya mgongo iliyompa nafuu ya miezi kadhaa. Nasema hivi ili mtu ajue kwenda kwa surgeon sio kusaini kukatwa.

nimeachaSigara

mi nlifukuzwa. kistaarabu ila nlifukuzwa 😂 nlienda na mafaili yote nmejipanga, maswali yako kwenye simu, swali lake la kwanza unavuta? nkasema kidogo. akafunga faili akasema rudi ukiacha. nlikasirika nkaona ananihubiria, baadae ndo nkaja kuelewa, ule upasuaji mkubwa vyuma na skrubu vinashikilia kwa muda tu, kinachotakiwa ni mifupa iungane yenyewe iwe kitu kimoja na nikotini inazuia mifupa kuungana. isipoungana chuma kinachoka kinakatika unarudi mezani. na wanapima mkojo au damu msijidanganye. na ile bazoka ya nikotini pia inahesabika, muulizeni mapema mnaruhusiwa kutumia nini kuachia, mi sikuuliza nkapoteza miezi miwili nikitafuna

pia kama una sukari waangalie imetulia, wengine hawakugusi mpaka ishuke. na kipimo cha wiani wa mifupa wanawake mliokoma hedhi msisubiri kuambiwa, skrubu kwenye mfupa laini ni kama msumari kwenye sabuni. dada yangu kipimo cha kiuno kilisoma vizuri kabisa, cha nyonga kikasoma mifupa imechoka, daktari akasema kiuno kilichochakaa kinadanganya mashine kinaonekana kigumu kuliko kilivyo. akaanzishwa dawa za mifupa kwanza, tarehe ikasogezwa mbele

mzee_wa_kimya

Naona mnatisha watu. Mimi nimepinda digrii 38 nina miaka 55 napiga kazi kama kawaida. Sio kila mgongo unahitaji surgeon.

BegaMoja

@mzee_wa_kimya kweli kabisa na nashukuru umesema. Ila kwenda kuuliza na kwenda kupasuliwa ni vitu viwili tofauti, mimi naenda kuuliza. Mwaka jana nilikua nainua mtoto wa dada yangu, mwaka huu siwezi.

ChumaCha81

Nawasalimu wote. Mimi nilipasuliwa mwaka 1981 nikiwa na miaka 15, nikawekewa fimbo ya chuma aina ya Harrington halafu nikakaa kwenye plasta kubwa ya kifua miezi mingi. Ilinisaidia, sina ugomvi nayo. Tatizo zile fimbo zilikuwa zinanyoosha kila kitu, hata ule mbonyeo wa asili wa kiunoni, na zikifika chini sana kiunoni ukizeeka unajikuta umeinama mbele na magoti yamekunja ndio usimame. Ndicho kilichonikuta.

Ushauri wangu kwa waliowahi kupasuliwa ni mmoja tu, tafuteni ripoti ya ule upasuaji. Kadi ya kliniki haitoshi, hata barua ya kuruhusiwa haitoshi, nataka uelewe hapa, RIPOTI YENYEWE inayosema walifunga kuanzia pingili gani mpaka gani na chuma cha aina gani. Mimi nilienda nilikopasuliwa nikaambiwa mafaili ya miaka hiyo yalishachomwa. Nikarudi mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja wa masijala aliyekaribia kustaafu akasema ngoja nikaangalie kwenye kabati la chini, akatoka na faili langu limeliwa na mchwa pembeni lakini ukurasa wa upasuaji mzima. Daktari wangu mpya alilisoma kama anasoma barua ya posa. Na kama una chuma mwilini sema kabla hujaingia kwenye MRI, chuma cha zamani kinaweza kuharibu picha ya sehemu yote ya jirani, inabidi wapange kipimo kingine.

haogiKwaKuinama

Mi nmeshapasuliwa, nmefungwa kuanzia kifuani hadi kwenye nyonga, miaka mitatu sasa, sijutii. Ila kuna swali sikuuliza na hakuna aliyeniambia nikajua siku ya nne nikiwa wodini nataka kwenda chooni. Jamani muulizeni: mkifunga mpaka kwenye nyonga nitajisafishaje? Nitavaaje soksi? Nitakata kucha za miguu? Tendo la ndoa je? Mtaona aibu lakini aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Kiuno kikishafungwa hakikunji tena, unakunja nyonga na magoti basi. Kuna vifaa vya mpini mrefu na unazoea, ila ningekua nmejizoeza nyumbani kabla.

Maswali mengine niliyoandika, nayaweka kama yalivyokua kwenye daftari. Nisipofanya kitu miaka mitano ijayo nitakua wapi? Lengo ni maumivu, ni kuzuia usiendelee au ni umbo? (muhimu, mimi nlitaka umbo yeye alikua anaongelea mishipa ya fahamu, tungepishana hivyohivyo.) Utafunga pingili ngapi na kwanini usiishie juu zaidi? Unafanya za watu wazima za aina hii ngapi kwa mwaka, maana mgongo uliopinda wa mtu wa 60 sio sawa na wa binti wa 14 na sio sawa na diski moja iliyotoka. Mtakua mnafuatilia mishipa ya fahamu kwa mashine wakati nimelala? Kati ya wagonjwa wako wangapi wanarudi kupasuliwa tena? Hilo la mwisho niliogopa atakasirika. Hakukasirika, akanitajia na akaniambia matatizo yaliyowapata, upasuaji huu kwa watu wazima una madhara sio ya kuficha. Daktari aliyetangulia nlimuuliza hilohilo akasema "mwachie Mungu na mimi", nikachukua mafaili yangu nikatafuta maoni ya pili.

Na nenda na mtu. Sio wa kukupa moyo, wa kuandika. Mume wangu aliandika kurasa mbili, mimi nilitoka nakumbuka rangi ya tai ya daktari tu.

Digrii47

Naongezea moja wakuu: kama mkojo au haja kubwa inaanza kutoka bila kujua au mkojo unagoma kutoka, au sehemu za siri na mapajani ndani pamekufa ganzi, au mguu unaishiwa nguvu siku hadi siku, hiyo usisubirie miadi ya wiki tatu. Nenda dharura siku hiyohiyo.

BegaMoja

Aisee nmesoma zote mara mbili. Mpaka sasa nmeshapata eksirei ya 2009, ilikua kwa shangazi chini ya godoro imekunjwa kama gazeti lakini inasomeka. Dawa nmepiga picha maboksi yote pamoja na zile za kununua mwenyewe za maumivu. Leo nmetembea na saa, dakika 22 ndo bega linaanza kuvuta na mbavu zinasugua nyonga, sikuwahi kujua ni 22. Na nmeandika sentensi moja ya kujibu lile swali lililoniliza: nataka niweze kusimama nimalize kazi yangu bila kutafuta ukuta wa kuegemea, na nijue kama unaendelea. Umbo nmeliweka namba tatu, baada ya kulia kidogo.

@Digrii47 hiyo eksirei mpya ndefu wamenipa kwenye CD, inatosha au nidai na ile ya karatasi ya plastiki?

Digrii47

Dai vyote dada. Na CD ifungue nyumbani kwenye kompyuta kabla hujaibeba, yangu nlisafiri nayo masaa matano ilikua tupu.