Tupeane uzoefu: Uliyefika Kanchipuram, mji wa mahekalu, ulikutana na nini?

Mjomba wa Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Watu wengi wa kwetu wanapanda ndege kwenda Chennai na Vellore kutibiwa au kuuguza, na wengi wanarudi wakiijua njia moja tu: kutoka nyumba ya wageni hadi hospitali. Katikati ya miji hiyo miwili, pembeni kidogo ya barabara ile ile unayopita na teksi, upo mji wa Kanchipuram. Wenyewe wanauita Kanchi. Kutoka Chennai ni kama kilomita 70, na kutoka Vellore karibu hivyo hivyo. Wahindu wanauhesabu miongoni mwa miji 7 mitakatifu ya India, na zaidi ya miaka 1,300 iliyopita ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Pallava.

Mimi nilikuwa namuuguza baba mdogo Vellore. Tukiwa tunasubiri majibu ya vipimo, yeye mwenyewe alinihimiza nitoke nikaone nchi ya watu, akabaki na binamu yangu. Nikaanzia hekalu la Kailasanathar, na mpaka leo nasema ndilo la kuanzia. Lilijengwa na mfalme Narasimhavarman wa Pili, anayejulikana pia kama Rajasimha, mwanzoni mwa karne ya 8. Si refu wala halina rangi za kung'aa kama mahekalu mengine ya Kitamil. Ni jiwe la mchanga lililochongwa kila mahali: simba waliosimama kwa miguu ya nyuma wakibeba nguzo, mungu Shiva akicheza, Shiva akiwa ametulia na mkewe Parvati, na kuuzunguka ua wote vihekalu vidogo vilivyopangana ukutani, zaidi ya 50. Ukichungulia ndani ya baadhi yake unaona mabaki ya michoro ya rangi, jicho hapa, kipande cha taji pale.

Kuna kijia kinachozunguka chumba kitakatifu cha ndani. Pa kuingilia ni tundu la chini, inabidi utambae. Unazunguka gizani, kisha unatokea kwa tundu jingine ukiwa umejikunja tena. Waumini wanasema kupita pale ni kufa na kuzaliwa upya. Nilimwona mzee mmoja wa rika la babu yangu akivua miwani, akaikabidhi kwa mjukuu, akapiga magoti na kupotelea ndani. Alipotokea upande wa pili alikuwa na vumbi kifuani, analia na kucheka kwa pamoja, na familia nzima ikamshika mikono kumwinua. Sijawahi kuona jengo la kale likitumika kwa namna ile, wala sijaelewa kwa nini watu wetu wanaukosa mji huu wakati wanaupita mlangoni.

Karibuni. Kila aliyefika aseme aliloliona.

Mwalimu wa Zamu

Asante kwa uzi huu, Mjomba. Nafundisha historia sekondari, huku Kisumu. Nilienda Chennai kwenye mafunzo, nikaomba nafasi ya kufika Kanchi kwa sababu moja: hekalu hilo la Kailasanathar lina maandishi yaliyoachwa na adui.

Katika karne ya 8, Vikramaditya wa Pili, mfalme wa Chalukya kutoka upande wa Karnataka, aliuteka mji huu. Ukoo wake ulikuwa na kisasi kikubwa na Pallava, maana Pallava walishawahi kuuteka mji wao wa Vatapi karne moja nyuma. Ungetarajia achome moto kila kitu. Badala yake aliingia Kailasanathar, akavutiwa, akaagiza mali na dhahabu ya hekalu irudishwe kwa hekalu, na habari hiyo ikachongwa pale pale kwa Kikannada, lugha ya kwao. Baadaye wake zake wawili wakajengesha mahekalu kule Pattadakal, na kubwa kati ya hayo, Virupaksha, linafuata mtindo wa huu mji walioushinda. Wanafunzi wangu nikiwaeleza vita vya falme za kale siku hizi naanza na hiki kisa.

Usiache pia hekalu la Vaikunta Perumal. Wageni wengi wanalipita kwa kuwa halina mnara wa kutisha. Kuta za baraza lake la ndani zimechongwa historia ya Pallava kwa picha, safu juu ya safu. Kuna sehemu inayoonyesha jinsi ufalme ulivyobaki bila mrithi, wazee wakasafiri kutafuta mfalme katika tawi jingine la ukoo, na mtoto wa miaka 12 akakubali kwenda. Huyo ndiye Nandivarman wa Pili, ambaye hekalu hilo lilijengwa wakati wake. Mvua na chumvi vimeila michongo, nyuso nyingi zimefutika, lakini bado unaweza kufuatisha kiti cha enzi, tembo, na watu waliopanga mstari kumpokea yule mtoto. Nilikaa pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga saa sita mchana.

Dukani kwa Mwanasiti

Jamani mimi ni wa Mombasa, nauza vitambaa, na Kanchi nilikwenda kwa ajili ya hariri. Mahekalu nimeyaona pia, na nitawaambia kitu: huwezi kuvitenganisha. Mistari ya minara, tausi, maua, macho ya rudraksha (zile mbegu za tasbihi za Wahindu), yote utayakuta kwenye pindo za sari.

Nilipelekwa nyumbani kwa mfumaji. Kitanda cha kufumia kimewekwa juu ya shimo, yeye anakaa ukingoni na miguu imo shimoni inakanyaga vikanyagio. Kule hariri ya katikati na hariri ya pindo ni rangi mbali mbali kabisa, mathalan kijani na nyekundu, na hazichovywi pamoja. Kwa hiyo wanatumia vyombo vitatu vya kupitishia uzi, na upande mmoja anakaa msaidizi, mara nyingi mke au kijana wa nyumbani, kazi yake kumrudishia kile cha pindo. Kila mstari wa uzi, rangi mbili zinafungamana pale zinapokutana. Ukipitisha kidole nyuma ya kitambaa unaugusa ule muungano. Sari moja ya mita kama 6 inaweza kula wiki mbili, na yenye kazi nyingi zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni, maana hapa watu wanaumia. Madereva wa bajaji wengi wanalipwa na maduka kwa kila mgeni wanayemleta, na bei yake iko ndani ya bei yako. Nenda mwenyewe kwenye maduka ya vyama vya ushirika vya wafumaji, uliza alama ya Silk Mark, inayothibitisha kuwa hariri ni halisi, na upewe risiti. Ule uzi wa dhahabu wa asili ni hariri nyekundu iliyozungushiwa fedha na kupakwa dhahabu. Ukiukwangua kidogo kwenye ncha iliyobaki, lazima ndani uone wekundu. Ukiona weupe, huo ni uzi wa kuiga. Unaweza kununua pia, mradi ulipe bei ya kuiga.

Binti Hurumzi

Asalaam alaykum. Mimi niko Zanzibar, mwezi ujao nampeleka mama Vellore. Nauliza mambo mawili kwa heshima. Sisi Waislamu tutaruhusiwa kuingia, na tunavaaje? Na la pili, mama anatembelea fimbo, ataweza kweli? Anapenda sana majengo ya kale, tangu alipokuwa akipita pale kwenye hekalu la Wahindu mtaani kwetu husimama kutazama.

Jirani wa Kisutu

Waalaykum salaam dada. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa Dar es Salaam, babu zangu walitoka Gujarat, kwa hiyo hata mimi Kanchi nilikuwa mgeni. Kitamil sikijui, na namna yao ya ibada ina tofauti na yetu.

Kuingia mnaruhusiwa. Viatu vinaachwa nje kwa mlinzi wa viatu. Nguo ya kufunika mabega na magoti inatosha, baibui na mtandio ni sawa kabisa. Katika mahekalu makubwa yanayofanya ibada, Ekambareswarar, Kamakshi Amman na Varadharaja Perumal, utaona kibao kinachosema wasio Wahindu wasivuke mlango fulani kuelekea chumba cha ndani. Ukiheshimu kibao hicho, kumbi, nyua na mabwawa vyote ni vyenu. Picha chumba cha ndani hazipigwi, na sehemu nyingine kamera hulipiwa.

Hadithi yangu ni ya mwaka 2019. Pale Varadharaja Perumal kuna bwawa, na chini ya maji yake imehifadhiwa sanamu ya mungu Vishnu iliyochongwa kwa mti wa jamii ya mkuyu. Wanaiita Athi Varadar. Hutolewa majini mara moja kila miaka 40. Mwaka 2019 ilitolewa kuanzia Julai 1 hadi Agosti 17. Kwanza ikiwa imelazwa, kisha siku za mwisho ikasimamishwa. Nililala foleni na shangazi yangu. Mamilioni walifika katika siku hizo 48, na umati ule unaogopesha, watu wanazimia kwa joto. Karibu yetu alikuwepo bibi mmoja aliyesema aliiona mwaka 1979 akiwa bi harusi. Alikuwa amembeba kitukuu chake, anamwambia atazame vizuri, maana itakayofuata ni 2059. Tulipofika mbele tulipewa muda wa kuunganisha mikono tu, askari wakatusogeza. Shangazi alifariki mwaka uliofuata. Nashukuru kila saa ya foleni ile.

Hekalu hilo lina pia ukumbi wa nguzo 100, zenye wapanda farasi waliochongwa, na kwenye pembe za paa inaning'inia minyororo ya mawe. Pete zinachezacheza, na zote zimetoka kwenye jiwe moja.

Mwanachuo Chennai

Kwa wasio na teksi: kuna treni ya mjini ya Chennai inayopitia Chengalpattu hadi Kanchipuram, nauli yake ndogo sana, na mabasi yapo mchana kutwa. Mahekalu mengi yanafungwa saa sita mchana hadi saa kumi jioni, kwa hiyo fika asubuhi mapema. Aprili hadi Juni msiende mchana na miguu mitupu, jiwe linaunguza kwelikweli.

Na mle idli ya Kanchipuram. Ni mchele na dengu vilivyochachuka, vinapikwa kwa mvuke kwenye kikapu kirefu cha mwanzi kilichotandikwa majani, ndani kuna pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi kavu. Ndiyo inayotolewa kwa mungu pale Varadharaja Perumal. Mpwani hawezi kuishangaa ladha yake.

Mjomba wa Korogwe

Binti Hurumzi, kuhusu mama. Baba mdogo alipopata nafuu nilirudi naye, naye pia alikuwa na fimbo. Ekambareswarar ndilo lililomfaa zaidi. Lango lake la mnara, lililojengwa na Krishnadevaraya mwaka 1509, lina urefu wa karibu mita 59, na linaonekana vizuri kutoka uwanjani bila kupanda popote. Ndani kuna baraza refu la nguzo lenye kivuli na sakafu bapa, anaweza kwenda taratibu na kupumzika apendapo. Vizingiti vya milango ni vya mawe na vimeinuka, hapo mshike mkono. Muulize mlinzi akuonyesheni mwembe mtakatifu. Wanasimulia kwamba chini yake Parvati alimwabudu Shiva kwa kufinyanga lingamu, yaani nguzo fupi ambayo ni alama ya Shiva, kwa mchanga, na mto ulipofurika akaikumbatia isichukuliwe na maji. Ndiyo maana hekalu lile linasimama kwa niaba ya udongo, mojawapo ya mahekalu matano ya Shiva yanayowakilisha udongo, maji, moto, upepo na anga.

Kailasanathar pia ataliweza. Nje kuna bustani ya majani, ua wake ni tambarare, na hakuna msongamano. Kile kijia cha kutambaa asiingie. Mchukulieni soksi nene, maana walinzi wa viatu hawakatazi soksi, na mfike saa moja na nusu asubuhi jiwe likiwa bado la baridi.