Kibanda cha video kimetuuzia maharamia bila laana. Nani atanirudishia mia mbili zangu?

Wadau, nimekaa na hasira hii tangu Jumamosi na leo naitema. Anayependa nyuzi fupi apite tu, mimi nimeguswa pabaya.

Niko Nyalenda, Kisumu. Shule zimefungwa, dada yangu ameniletea wanawe watatu kutoka Usenge, kando ya Ziwa Victoria, na yule mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, alipita nje ya kibanda fulani cha video upande wa kuteremkia Dunga akaona ubao wa chaki: MAHARAMIA, MUVI NZIMA, HAIKATWI, SAA NANE. Hamsini kwa kichwa. Juu ya ubao wamebandika bango la yule nahodha mwenye ndevu za mikono ya pweza. Usiku huo hakuna aliyelala. "Mjomba, kesho tunaenda?" Nalala. "Mjomba, umesema tunaenda?" Tukaenda. Watu wanne, mia mbili, na njugu za ishirini juu.

Nianze na bango, maana uongo ulianzia hapo. Huyo wa pweza ni Davy Jones, na Davy Jones hayumo kabisa katika filamu ya kwanza ya Pirates of the Caribbean, ile ya 2003. Anaingia kwenye ya pili, ya 2006. Tuliyowekewa ni ya 2003. Kwa hiyo kitinda mimba wetu, miaka sita, alikaa kwenye benchi akimngojea mtu wa pweza kama abiria aliyeachwa na matatu ya mwisho. Kila akitokea mwenye ndevu: "Ni huyu?" Siye. "Ni huyu?" Siye, mama, tulia.

Hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni DJ.

Na kabla hamjanirukia, mimi sina ugomvi na madijei wa muvi, wale wanaotutafsiria filamu kwa kipaza sauti. Nimekulia kwa DJ Afro kama ninyi nyote. Nyanya yangu, asiyejua neno la Kiingereza wala la Kichina, alizielewa filamu za kung'fu kuliko mimi kwa sababu kuna mtu alimtafsiria vizuri. DJ mzuri anakupa hadithi kwa lugha yako na utani juu yake. Huyu wa Jumamosi alikuwa amekaa pale pale mbele yetu, kipaza sauti mkono mmoja, rimoti mkono wa pili. Balaa lote lilitoka mkono wa rimoti.

Filamu inaanza kwa raha. Jack Sparrow, yaani Johnny Depp, anaingia bandari ya Port Royal kule Jamaika amesimama juu ya mlingoti kwa maringo kama mwenye meli kumi, kumbe chini yake ni kimashua kinachozama. Mlingoti unapoishia majini, yeye anakanyaga gati kama mtu anayeshuka tuktuk. Afisa wa bandari anamdai shilingi moja ya kuegesha, pamoja na jina lake. Jack anatoa tatu, jina lisahaulike. Halafu akiondoka anabeba na kifuko cha pesa cha yule afisa! Niambieni, ni mtu gani wa pwani ya ziwa hili, aliyewahi kudaiwa ushuru wa kuegesha mtumbwi, ambaye hangecheka hapo mpaka machozi? Hakuna aliyecheka. DJ alikuwa anatuma salamu kwa wasee wa Obunga na Manyatta, na kwa mama fulani wa chapati. Alicheka mzee mmoja tu aliyekaa kando yangu, mvuvi wa omena, kwa kuwa macho yake hayakumhitaji DJ.

Nitamtendea haki: pambano la upanga kwenye karakana ya mhunzi, Jack na yule kijana Will Turner, alilitangaza vizuri mno. Alipaza sauti kama mtangazaji wa mpira dakika ya tisini, watoto wakasimama juu ya mabenchi. Kama angeishia hapo ningempa hamsini nyingine.

Sasa tufike mezani. Kwa walioiona filamu hii mnajua nazungumzia wapi. Elizabeth, binti wa gavana, ametekwa, yuko ndani ya meli Black Pearl, na nahodha Barbossa amemwandalia chakula cha kufuru. Msichana anakula kwa mikono kwa njaa. Barbossa hagusi kitu. Halafu anamsimulia. Kulikuwa na sanduku la mawe lenye vipande 882 vya dhahabu ya Waazteki, alivyopelekewa Cortés, mvamizi wa Kihispania, ili aache kumwaga damu. Hakuacha. Miungu ikaiwekea dhahabu ile laana: anayeondoa hata kipande kimoja hafi tena, lakini pia haishi. Akinywa, kiu haiishi. Akila, ni majivu mdomoni. Kutoka humo kuna njia moja, kila kipande kirudi sandukuni na damu ilipwe. Wao wameshakusanya vyote isipokuwa kimoja, kile alichokuja nacho msichana shingoni. Elizabeth anamchoma kisu cha kifua. Mzee anakichomoa polepole, hana neno. Msichana anatimkia kwenye sitaha na hapo, chini ya mwanga wa mwezi, anawakuta mabaharia wote ni mifupa mitupu inayofanya kazi. Barbossa anamfuata, anaingia kwenye mwanga, anafungua chupa ya divai, na divai inapita katikati ya mbavu zake tunaiona.

Filamu nzima imetundikwa kwenye meza hiyo.

DJ akasema hivi, nanukuu maana nilisikia kwa masikio yangu: "Hapa wanakula tu, wasee, ni maneno mengi, twende vita!" Akabonyeza. Midomo ya Barbossa ikacheza kama ya mbuzi anayetafuna ganda la muhindi, kisha kufumba na kufumbua tuko kwenye mifupa. Watoto wakapiga kelele. "Majini ya baharini!" anasema DJ. "Yametumwa na huyu msichana!"

Yametumwa na nani? Huyu msichana ametekwa!

Kuanzia hapo kila kitu kikawa kiini macho. Wanamkata Elizabeth kiganja juu ya sanduku. DJ anasema anachanjwa dawa. Damu yake inakataa kwa kuwa iliyotakiwa ni ya ukoo wa Turner, naye alidanganya kwamba yeye ni Turner. DJ anasema dawa imekwisha nguvu. Jack anaiba kipande kimoja kimya kimya, ndiyo siri ya mwisho wote. DJ yuko kwenye simu. Jack anachomwa upanga, anarudi nyuma kwenye mwanga wa mwezi, naye ni mifupa: "Heh! Kumbe hata huyu ni jini!" Halafu ile risasi. Jack ameibeba risasi moja miaka kumi kwa ajili ya Barbossa. Anaifyatua, na punde tu Will anadondosha sandukuni vipande viwili vya mwisho vyenye damu. Laana inakatika. Barbossa anaangalia damu ikimtoka kifuani, anasikia baridi, tufaha alilolitamani muda wote linamponyoka mkononi. Na ukumbi mzima kimya, si kwa huzuni, kwa kutoelewa.

Mpwa wangu mkubwa akauliza kwa sauti: "Mbona huyu mzee mwanzo alidungwa kisu akacheka, na sasa amekufa?"

DJ: "Risasi ya steringi haikosi."

Wadau, nilisikia damu ikinipanda. Mtoto ameuliza swali la akili kuliko yote yaliyosemwa mle ndani, na jibu lilikuwepo, limelipiwa, liko ndani ya flash yake, amelirusha kwa kidole! Hadithi ya mauzauza ndiyo inayodai masharti kuliko nyingine yoyote. Ukiniambia mtu hafi, niambie kwa nini hafi na lini atakufa. Bila hivyo mimi naangalia watu wakirushiana panga mpaka stima ipotee.

Na si kwamba wasikilizaji walikuwa wagumu. Yule mzee wa omena aliniegemea akaninong'oneza, "Kijana wangu, hawa watu mbona wanatembea mwezi ukiwa mpevu? Sisi mwezi ukiwaka hatutoki." Kwa wasiojua, omena huvuliwa usiku wa giza, taa zinaelea juu ya maji, zamani zilikuwa karabai, na dagaa hao wanafuata mwanga. Mwezi ukijaa taa haina kazi, wavuvi wanakaa nyumbani kushona nyavu. Mzee huyu hakuelezwa lolote, na bado alishanusa kwamba mwezi ndio unaowaumbua. Nikaanza kumweleza ile laana kwa sauti ya chini. DJ akasimamisha filamu, akatuelekezea kipaza sauti: "Huko nyuma, kelele ipungue, tunaelezea watu."

Mnaelezea watu!

Tena watoto wenyewe ni wa Usenge. Hawahitaji kufundishwa haramia ni nani. Baba yao aliwahi kuzingirwa ziwani usiku, wakachukua injini na nyavu, akarudi kwa kupiga kasia mpaka asubuhi, mikono imetoka malengelenge. Kwake haramia hana kofia ya manyoya. Ana tochi kali na bunduki, na hajawahi kurudisha kitu. Sasa mtoto wa mtu huyo aonyeshwe wezi walioiba dhahabu, dhahabu ikawakatalia chakula na kinywaji, wakazunguka dunia nzima kuomba kuirudisha kipande kwa kipande. Unadhani angekisahau kipande hicho? Ndicho kilichoitwa maneno mengi.

Mwisho watoto wa ukumbini wakaanza kuzomea, wanadai mtu wa pweza wa kwenye bango. DJ hakutetereka. Akachomeka kitu kingine, tukawekewa dakika kumi na tano hivi za filamu ya pili, bila mwanzo, yule dude Kraken anavunja meli. "Sasa si mmeona pweza?" Davy Jones akatokea. Kitinda mimba akaruka juu ya benchi: "Ni huyu!" Runinga ikazimwa.

Tuliingia saa nane, tukatoka saa tisa na nusu. Filamu ya 2003 ina dakika 143. Toeni ninyi hesabu, na msisahau salamu za Obunga.

Nilimfuata mwenye kibanda nje. Nikamwambia kwa heshima, omera, umeandika haikatwi. Akaniangalia juu mpaka chini. "Si umeona meli? Si umeona panga? Japuonj, hapa si darasani." Mimi hata si mwalimu, nauza vipuri vya baiskeli.

HARIRI: Wanaosema "kwa hamsini ulitaka nini", nauliza hivi. Ukinunua ngege pale Dunga, ukakuta amekufungia kichwa na mkia, katikati amebaki nako, utanyamaza kwa sababu ni wa bei rahisi? Na wewe uliyeniambia nikaangalie nyumbani kwa simu, nitumie bando.

HARIRI 2: Nimeona mliosema nimripoti kwa bodi ya filamu. Sitaki afungiwe. Watoto wa mtaa huu wakitolewa pale wanabaki na mtaro. Hata pesa zangu, nikifikiria sana, azile tu. Ninachotaka ni ile meza. Dakika zake chache, aiweke bure siku moja asubuhi, kipaza sauti akiache nyumbani, tukae na yule mzee na watoto wote walioondoka wakidhani Elizabeth ni mchawi.

HARIRI 3: Nimepita leo nikielekea kazini. Ubao mpya: MAHARAMIA 2, MUVI NZIMA, HAIKATWI. Bango lililobandikwa juu yake ni la nguva, na nguva wako kwenye ile ya nne, ya 2011. Mpwa wangu ameshaniomba hamsini.