Kampuni yetu ya mashua inafungwa na ina deni la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Je, watanifuata mimi nyumbani?

Nahodha wa Langoni

Sabalkheri waungwana. Anayejua mambo ya kodi anisomeshe, maana mimi najua bahari, karatasi sizijui.

2017 mimi na mwenzangu tulifungua kampuni ya limited hapa Lamu, ya kutembeza wageni: Manda Toto, magofu ya Takwa, na jioni kutazama jua likichwa. Hisa nusu kwa nusu, wakurugenzi sisi wawili. Hoteli moja ya Shela ikataka risiti za ETR, zile za mashine ya kodi, ndipo tukajisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ingawa mauzo yetu hayajapata kufika hata milioni mbili kwa mwaka. Mwenzangu akasema, "Karatasi niachie mimi." Nikamwachia.

Korona ikaja, wageni wakakatika. 2021 tukarudi kazini kwa kuchechemea, na nahodha mmoja wa kuajiriwa kwa 38,000. Kila mwezi alikatwa PAYE, kodi ya mshahara, ya 3,700 na kidogo, nakumbuka kwa sababu alikuwa akinung'unika kila akilipwa. Januari 2022 tukauza mashua na injini yake kwa 780,000. Mnunuzi ni shemeji yake mwenzangu. Mwenzangu akachukua 520,000 akidai aliikopesha kampuni, mimi nikapewa 260,000. Zangu ziliishia sufuriani, harusi ya binti yangu.

Juzi kijana wangu akanifungulia iTax, tovuti ya KRA, kwenye simu. Wallahi nilikaa kitako. PAYE ya 2021 haikupelekwa hata shilingi moja, na ritani za VAT, yaani taarifa za kodi za kila mwezi, hazijafailiwa tangu mashua iuzwe. Mwenzangu yuko Malindi, simu anapokea, ila jibu lake ni moja: "Kampuni ni mtu kivyake, iache ijifie."

Nyumba ninayokaa ni ya urithi, tumo ndugu watatu. Yaweza kuguswa? Na mwezi ujao nataka kwenda Umra.

Kijana wa Mkunguni

Mzee wangu, acha wasiwasi. Limited ni limited. Mimi kampuni yangu ya simu niliitelekeza 2019 na mpaka leo hakuna aliyebisha hodi.

Mhasibu Malindi

Kijana, wewe usimfundishe mzee wa watu. Wakati unasubiri hodi, leja ya deni inazaa. Ritani ya VAT isiyofailiwa ni adhabu ya 10,000 kila mwezi, au 5% ya kodi ikiwa hiyo ndiyo kubwa, hata kama hukuuza kiberiti. Ritani ya mwaka ya kampuni ni 20,000 kwa mtindo huohuo. Kodi yenyewe isipolipwa, weka 5% na riba ya 1% kwa mwezi juu yake.

Shikamoo mzee. Mwenzako amekwambia nusu. Ni kweli deni la kodi ni la kampuni kwanza, na nyumba yako haiguswi kwa sababu tu jina lako limo kwenye orodha ya wakurugenzi. Kinachonitia wasiwasi mimi ni ile mashua.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 18, yasema hivi: wakubwa wa kampuni wakifanya mpango ambao nia yake *au matokeo yake* ni kuiacha kampuni haina cha kulipia kodi, wakurugenzi wa wakati huo na wenye hisa za kuidhibiti wanadaiwa kodi hiyo wao wenyewe, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Sasa tazama ninyi. Mali pekee ya kampuni ilikuwa mashua. Ikauzwa kwa shemeji, pesa zikagawanywa, na PAYE ya mwaka mzima ilikuwa haijalipwa. Hata kama hamkukusudia, matokeo si ndiyo hayo? Na "kila mmoja peke yake" maana yake ni kwamba waweza kudaiwa wewe deni zima, ingawa ulipata theluthi tu. Ya kudaiana na mwenzako ni yenu wawili.

PAYE nayo mliikata kwenye mshahara wa mtu. Pesa hiyo haikuwa yenu hata siku moja.

Nahodha wa Langoni

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara tatu. Lakini mimi nilimwambia tulipe serikali kwanza! Ile sauti ya WhatsApp ninayo mpaka leo, ya Januari 2022, nyuma yake wasikika punda.

Mhasibu Malindi

Itunze, mzee, itakusaidia mbele ya mwenzako. Kwa KRA sidhani kama itakufikisha mbali. Mkurugenzi anayetaka kujitoa kwenye kifungu hicho lazima awe hakufaidika na mpango wenyewe, na ama alipinga kwa maandishi na kuarifu, ama hakuhusika na uendeshaji wala hakujua. Wewe ulijua, na ulipata 260,000.

Kuhusu Umra: kifungu cha 45 kinampa Kamishna wa KRA uwezo wa kuzuia mtu asitoke nchini akiwa na sababu za kuamini kwamba ataondoka bila kulipa, na kinataja pia kodi ya kampuni ambayo mtu huyo anaidhibiti. Nusu ya hisa inatosha kukuhesabu humo. Amri hiyo haijitokezi yenyewe kwa kila mwenye deni, usikose usingizi. Ila nenda ofisini kwao kabla ya safari, faili ritani zote, uombe kulipa kwa awamu. Ombi likiwa kwenye faili, hutakuwa mtu anayekimbia.

Na piga hesabu, mzee. PAYE ya miezi 12 ni kama 45,000. Adhabu za VAT kwa miezi 40 tu ni 400,000. Zilizokufikisha hapa ni ritani za sufuri, za miezi isiyo na mauzo, ambazo hakuna aliyezituma.

Bi Mkubwa wa Gesti

Kaka, pole. Mimi nilifunga yangu 2024, gesti ndogo nyuma ya Casuarina. Nilibahatika, msamaha wa adhabu na riba ulikuwa bado wazi. Nililipa kodi yenyewe kabla ya Juni 30 na adhabu za mpaka mwisho wa 2022 zikafutwa. Baadaye msamaha ukarudishwa, ukaisha Juni 30, 2025, kwa hiyo usiutegemee.

Msianze na Msajili wa Kampuni. Mimi nilianza na ritani, zote, kila usiku baada ya isha nafaili miezi mitatu minne mpaka macho yanauma. Kisha nikaomba kutolewa VAT na PAYE. Ndipo nikaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuomba kampuni ifutwe. Mtasaini wakurugenzi walio wengi, na ninyi mko wawili, kwa hiyo bila mwenzako hapana kitu. Ndani ya siku saba mnawapa wadai nakala ya ombi, na KRA ni mdai. Ukiwaruka watapinga tu. Tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi, mnangoja miezi mitatu.

Jingine: benki ilikuwa na 41,000 zangu, nilikaribia kuzisahau. Mali inayobaki kwenye kampuni iliyofutwa inakwenda kwa serikali. Na hata ikishafutwa, dhima ya mkurugenzi haifutwi nayo. Makaratasi nimeyatia kasha la mama, miaka mitano siyagusi.

Kijana wa Mkunguni

Bi Mkubwa, hiyo ya kufaili sufuri, inabidi niende ofisini au simu yatosha?

Bi Mkubwa wa Gesti

Simu yatosha mwanangu. Tangu 2019? Chukua na chai.

Nahodha wa Langoni

Nimempigia mwenzangu nikamsomea kifungu cha 18 neno kwa neno. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza: "Kila mmoja peke yake, hata mimi?" Nikamwambia hata wewe, na wewe ndiye uliyebeba 520,000. Jumanne napanda basi la alfajiri kutoka Mokowe, tuonane Malindi kwa mhasibu. Yeye analeta kitabu cha risiti, mimi naleta payslip za nahodha. Zilikuwa ndani ya boya la zamani, zimekula chumvi lakini zasomeka.