Nauza filta orijino toka Dubai, wakala anasema ni bandia. Hivi alama ya biashara inampa mtu soko zima?

SpeaGerezani

Wakuu salaam. Nina duka dogo la spea Gerezani hapa Kariakoo, mwaka wa sita huu, nauza filta za oili, plagi na brekipedi. Wiki iliyopita kaja kijana wa bodaboda na bahasha ya kaki, kufungua barua ya wakili. Inasema mteja wao ndo wakala pekee wa brandi fulani Tanzania (brandi siitaji), kwamba filta zangu zinavunja haki ya alama ya biashara iliyosajiliwa, nizitoe rafuni ndani ya siku 14 na nisaini karatasi ya kuahidi sitaagiza tena, la sivyo wanakuja na maafisa wa bidhaa bandia kubeba mzigo.

Sasa hizi filta sio feki wakuu. Tuko wanne, tunachangia kontena, tunanunua Deira kwa msambazaji wa kiwanda kilekile na ankara ninazo zote. Jana nimetuma mtu akaninunulia moja kwa huyo wakala, nikaziweka mbili kaunta nikamuita fundi wangu azikague. Uzito uleule, mpira uleule, namba iliyogongwa kitakoni inafuatana kabisa na yangu, tofauti ni boksi tu, la kwangu lina Kiarabu ubavuni. Ya kwake 34,000, mi nauza 21,000 na faida napata.

Naomba kuelimishwa. Haki miliki inaruhusu mtu azuie mali halisi ya kampuni ileile isiingie nchini ili auze peke yake? Na kama inaruhusu, hiyo Tume ya Ushindani inamlinda nani?

Binti_wa_Ilala

Pole kaka. Kwanza kabisa USISAINI hiyo karatasi, ukishasaini umekubali kosa kwa mkono wako mwenyewe na kuja kulikana baadaye ni kazi kubwa.

Mambo mawili yamechanganywa humo kwenye barua, sidhani kama ni kwa bahati mbaya. Feki ni mali ambayo mwenye alama hajaitengeneza wala hajairuhusu. Mali yako ameitengeneza mwenyewe, akaiuza mwenyewe Dubai, ikaja huku kwa njia ambayo wakala wake haipendi. Hiyo ni mali halisi iliyopita mlango mwingine, na swali lake ni moja: mwenye alama akishauza mara ya kwanza, haki yake ya kuifuata ile mali imeisha au bado? Mkataba wa TRIPS, ule wa haki miliki wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) ulioanza 1995, kifungu cha 6 umeliacha hilo kila nchi iamue. Ulaya wameamua haki inaisha ikiuzwa ndani ya soko lao tu, ikitoka nje mwenye alama anaweza kuizuia, mahakama yao ilisema hivo 1998. Wakenya kwenye hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) walienda upande wa pili, sheria yao ya 2001 inasema kitu kikishauzwa kihalali nchi yoyote ile, hataza haikizuii tena kuingia Kenya. Kwa hiyo mtu akikwambia "sheria ya dunia inakataza" anakutisha.

Nenda BRELA, ofisi inayosajili biashara na alama, ujue hiyo alama imesajiliwa kwa jina la nani. Wakala sio lazima awe mwenye alama, na mkataba wake wa kuuza peke yake ni kati yake na kiwanda, we hukuusaini.

Kuhusu FCC, yaani hiyo Tume ya Ushindani, umegusa penyewe. Tume hiyohiyo moja ina kofia mbili. Inapambana na ukiritimba kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na inakamata bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Yaani anayemlalamikia mwenye brandi na mwenye brandi anayelalamika wote wanagonga mlango mmoja, na mwenye brandi mara nyingi ndo anafika wa kwanza, ana wakili, ana sampuli, ana barua imepigwa chapa. Mwenye duka anafika mzigo ukiwa tayari kwenye lori.

BabaNeemaMbagala

Mi naomba nisimame upande wa wakala kidogo. 2019 nilifunga brekipedi zenye boksi zuri kabisa, stika inang'aa, muuzaji kaniapia kwa Mungu ni orijino toka Dubai. Kushuka pale daraja la Kizinga pedo ikaenda mpaka chini. Nilikuwa na mke na watoto wawili nyuma. Nilivyofungua tairi nikakuta pedi imemeguka kama biskuti.

Kwa hiyo mtu akisema "ni orijino, njia tu ndo tofauti" mi moyo unashtuka. Wakala anatoa waranti, ana gereji ya kukupokea ikiharibika, anasomesha mafundi. Anayeleta kwa kontena la kuchangia akikuuzia kibaya unamtafuta wapi?

SpeaGerezani

Baba Neema pole sana kwa hilo, na hizo feki mi zinaniumiza kuliko unavyodhani, maana anayeuza feki ya 9,000 ndo ananiharibia jina mimi wa 21,000. Nataka zikamatwe. Ila nikiitwa feki na mimi, we mnunuzi utajuaje sasa ipi ni ipi?

Mfamasia_Mstaafu

Wanangu, hili la filta tulishaliona kwenye dawa tena kwa roho za watu.

Afrika Kusini 1997 walipitisha sheria ya kuruhusu kuagiza dawa halisi kutoka nchi inakouzwa rahisi. Ndo hichohicho anachofanya huyu kijana na filta. Kampuni za dawa 39 zikaenda mahakamani kuipinga, kesi ikavuta mpaka Aprili 2001 zikaiondoa wenyewe baada ya dunia nzima kupiga kelele. Halafu 2002 wagonjwa na wanaharakati wakaenda Tume ya Ushindani ya kwao kulalamikia GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim bei za ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Oktoba 2003 Tume ikasema kuna hoja, bei imezidi na wanakataa kuwapa wengine leseni ya kutengeneza. Kabla haijafika kwenye Baraza la Ushindani linalohukumu kesi hizo, Desemba mwaka huohuo kampuni zikakubali kutoa leseni, na mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza, usizidi asilimia 5 ya mauzo. Angalieni vizuri hapo, hataza haikufutwa, ilibaki ya mwenyewe. Kilichoondoka ni ule uwezo wa kukaa nayo peke yake wakati watu wanakufa.

Mi miaka hiyo nilikuwa dirishani. Mama anakuja na hela ya vidonge vya siku kumi, anakwambia nipe hivyo hivyo mwanangu, nyingine nitatafuta. ARV za siku kumi. Sijasahau.

Na huo TRIPS wenyewe, kifungu cha 31(k), unasema leseni ya lazima (serikali kuruhusu wengine watengeneze bila ridhaa ya mwenye hataza) ikitolewa kurekebisha ubanaji wa ushindani, serikali hailazimiki kwanza kumbembeleza mwenye hataza, na dawa ikitengenezwa sio lazima iishie zaidi kwenye soko la ndani. Sisi nchi maskini zaidi kwenye dawa tuna msamaha wa kutolazimika kulinda hataza mpaka 2033. Nafasi ipo, wa kuitumia ndo wachache.

Kijana_wa_Posta

Sasa si amshtaki tu wakala kwa bei? 34 kwa 21 huo si ni unyonyaji?

Binti_wa_Ilala

Bei kuwa juu peke yake haitoshi mdogo wangu. Lazima kwanza uonyeshe ana nguvu ya soko, sheria ya 2003 ilivyoandikwa ilitaja zaidi ya asilimia 35 ya soko pamoja na uwezo wa kubana ushindani. Na soko ni lipi? Filta za brandi ile tu, au filta zote zinazoingia kwenye gari ileile? Ukiruhusu zote, wakala anaweza kuwa mdogo tu. Hapo ndo kesi nyingi zinafia, maana takwimu za soko anazo yeye, we una daftari la duka. Kwa kaka Spea njia fupi ni kujibu barua, wathibitishe kitaalamu kwamba mali ni feki.

SpeaGerezani

Mrejesho wakuu. Nimefuatilia BRELA, alama imesajiliwa kwa jina la kiwanda chenyewe, jina la wakala halipo. Nimeandika barua kurasa mbili, nimeambatisha ankara tatu na picha za filta zote mbili namba zikionekana, nikaomba sampuli ipimwe mbele yangu kabla mtu hajabeba kitu. Wenzangu wawili wa kontena wameshatoa mzigo wao rafuni, wanaogopa, siwalaumu, mmoja ana mkopo wa benki. Wangu upo palepale. Barua nimeipeleka kwa miguu ofisini kwa wakili wao leo saa nne, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa.