Wakuu msaada wa haraka: Jenkins imegoma kudiploi tangu niapdeti plagini

Kijana_wa_Tabata (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Nipo ofisini mpaka muda huu, wenzangu wote wameshaondoka, naombeni ushauri. Jenkins yetu (ile programu inayobildi kodi na kuipeleka kwenye seva yenyewe) imegoma tangu niapdeti plagini, vile viongezeo vyake. Kodi inavutwa vizuri kutoka Git, Maven inabildi, tesiti zinapita zote, ikifika tu hatua ya mwisho ya kupeleka kwenye seva inaanguka na hiki:

`java.lang.NoSuchMethodError: No such DSL method 'sshagent' found among steps`

halafu inafuata orodha ndefu ya hatua zingine inazozijua. Jenkinsfile, lile faili la maelekezo ya hatua, sijaigusa, ni ileile ya siku zote. Kesho saa nne asubuhi mteja anataka aone toleo jipya. Nimerestati mpaka nimechoka. Swali langu ni moja, naweza kuachana na hiyo sshagent nikaandika scp ya kawaida (amri ya kunakili mafaili kwenda seva) na paswedi yake ndani ya sh, hatua ya kuendesha amri? Kuna aliyewahi kufanya hivyo?

Bwana_Mawingu
Mpaka leo mnatumia Jenkins? Hamieni GitLab mkuu, faili moja la YAML habari imeisha, hutasikia tena mambo ya plagini.

Kijana_wa_Tabata
Mkuu nihame leo usiku na toleo ni kesho?

Bwana_Mawingu
Ushauri ndo huo, kuuchukua ni juu yako.

Mama_Paipu
Pole mdogo wangu. Huo ujumbe maana yake Jenkins haiijui kabisa hatua inayoitwa sshagent, yaani plagini ya SSH Agent, ile inayoipa bildi funguo za kuingilia seva nyingine, haikupanda seva ilipowaka. Na Jenkins inaligundua hilo pale tu inapoifikia hatua yenyewe, ndo maana inakimbia mpaka mwisho ndipo ianguke. Kwahiyo logi ya bildi iache, jibu halipo humo. Fungua logi ya Jenkins yenyewe inapowaka, `journalctl -u jenkins`, utafute maneno Failed to load. Na niambie vitu vitatu: Jenkins toleo gani, Java ngapi, hiyo apdeti uliifanyaje.

Sauti_ya_Nyikani
Mimi naomba kuuliza, nani alikupa ruhusa ya kugusa plagini usiku wa kuamkia siku ya mteja? Vijana mnapenda kubofya bofya kila kitufe chenye rangi halafu mkiungua mnakuja kusumbua watu waliokaa na familia zao. Kazi ina nidhamu yake.

Kobe_wa_Java
Umenikumbusha 2022. Jenkins LTS (yale matoleo ya muda mrefu) 2.361.1 ilitoka Septemba mwaka ule wakaitupa kabisa Java 8, sasa bosi wetu wa kipindi hicho hakuwa anasoma maelezo ya toleo, akapiga apt upgrade seva nzima, Jenkins ikakataa kuwaka na hakuna aliyejua ni nini, jamaa mmoja akasema tumehakiwa wakachomoa waya wa mtandao, ofisi nzima ikalala bila intaneti na mimi nawaambia jamani tatizo ni Java tu wekeni 11, hakuna anayesikiliza. Cheki Java yako mkuu.

Kijana_wa_Tabata
Java ipo sawa. Toleo ni la karibuni tu na apdeti nilifanya kawaida kama watu wote. Bado hamjajibu kuhusu scp.

Mama_Paipu
"La karibuni" sio namba. Kona ya chini kulia ya ukurasa imeandikwa, niandikie hapa kama ilivyo. Na "kawaida" ni ipi, ulibofya ndani ya Jenkins au ulizileta mwenyewe?

Kijana_wa_Tabata
2.426.1, Java 17. Plagini nilidaunlodi kwenye laptop yangu nikachukua za juu kabisa, nikazipandisha moja moja kwa ile sehemu ya Deploy Plugin, maana seva hairuhusiwi kutoka intaneti. Sasa kosa liko wapi hapo, si ndo zile zile?

Mama_Paipu
Sio zile zile. Ukipitia kituo chao cha apdeti, kinaangalia Jenkins yako ni toleo gani kinakupa plagini inayoendana nalo. Ukienda mwenyewe kwenye tovuti ukabeba ya juu kabisa unabeba iliyojengwa kwa Jenkins ya mbele. Yako ni ya Novemba 2023, nyingi za sasa zinataka 2.479 kwenda juu ambayo ilitoka Oktoba 2024. Na moja ikikataa, zote zinazoitegemea zinakataa nayo, kwahiyo unaweza kuona imeanguka SSH Agent kumbe iliyokataa kwanza ni nyingine chini yake. Ila hapa pana njia rahisi. Jenkins ikiapdeti plagini huwa inaiacha ile ya zamani pembeni kwa jina la .bak. Ingia `/var/lib/jenkins/plugins` uniambie unaona .bak zipi.

Kijana_wa_Tabata
Hakuna .bak hata moja dada.

Mama_Paipu
Haiwezekani uwe umeapdeti kusiwe na .bak hata moja. Kama hakuna maana yake hakukuwa na za zamani za kubadilisha. Hiyo mashine ni ileile iliyokuwa inafanya kazi?

Kobe_wa_Java
Naweka kambi hapa.

Mama_Paipu
@Kijana_wa_Tabata nimeuliza mashine.

Kijana_wa_Tabata
Sawa. Mashine ni mpya. Ile ya zamani diski ilijaa kila siku, Jenkins ikiona imebaki chini ya GB 1 inajitoa yenyewe kazini na bildi zinapanga foleni, wenzangu wananipigia kelele mimi. Aliyekuwa anaisimamia ameshaacha kazi. Kwahiyo nikaomba mashine mpya nikahamisha, nikabeba folda ya jobs na credentials.xml, plagini nikasema niweke mpya kabisa nianze na usafi. Kuhama ilikuwa lazima na mtu yeyote hapa angefanya vile vile, sikuona umuhimu wa kulitaja kwa sababu shida ni sshagent na sio mashine.

Fundi_Diski
Diski kujaa sio sababu ya kuhama. Kila jobu ina sehemu ya kuamua bildi ngapi zibaki, weka zibaki 20 hivi, na workspace (folda za kufanyia kazi) za jobu zilizokufa ufute. Watu wanatunza bildi zote tangu siku ya kwanza halafu wanalaumu diski.

Mama_Paipu
Folda ya secrets uliibeba?

Kijana_wa_Tabata
Hapana, si Jenkins mpya imetengeneza ya kwake. Na ndo maana nilikuwa nauliza scp tangu mwanzo, hata sshagent ikirudi zile funguo zinaonekana kwa majina lakini hazifanyi kazi. Nimeshaandika mstari wa paswedi kwenye Jenkinsfile, bado tu kukomiti. Repo ni ya ndani, ni kwa muda tu.

Mama_Paipu
USIKOMITI. Git haisahau, ukifuta mstari kesho paswedi inabaki kwenye historia na kila aliyewahi kukloni anayo. Hapo utalazimika kubadilisha paswedi ya seva ya mteja.

Sasa ndo tumefika kwenye tatizo lako lenyewe. credentials.xml imefungwa kwa funguo zilizo ndani ya secrets, master.key na wenzake. Ukibeba faili bila hiyo folda umebeba sanduku umeacha ufunguo. Na kibaya zaidi Jenkins ikishindwa kufungua neno la siri inalichukulia kama ni maandishi ya kawaida, ukiingia pale ukabofya Save inalifunga tena juu ya lile fungo la kwanza. Kwahiyo hata hiyo credentials.xml ya mashine mpya usiiamini tena.

Mzee_wa_Hudson
Nyie wote mmeikuta inaitwa Jenkins. Sisi tuliijua kama Hudson, kazi ya Kohsuke Kawaguchi alipokuwa Sun. Oracle wakainunua Sun mwaka 2010, ukaja ugomvi wa nani mwenye jina, Januari 2011 jumuiya ikapiga kura wakaondoka na kodi na kuacha jina. Enzi hizo tulikuwa na SVN ya kutunzia kodi na mashine moja chini ya meza, na hakuna aliyeigusa bila kuaga.

Kisu_Kikali
Samahanini, hivi mnaona mnachosoma? Seva haitoki intaneti ila inavuta kodi Git na Maven inabildi mpaka tesiti. Maven inashusha wapi maktaba zake? Halafu mara apdeti, mara mashine mpya, kila akibanwa hadithi inaongezeka mlango. Hii ni chai.

Bwana_Mawingu
Nakazia, chai ya maziwa kabisa. Hili ni swali la intavyuu, kuna mtu kapewa kazi ya nyumbani anatufanyisha sisi.

Sauti_ya_Nyikani
Nilijua tu. Mods fungeni uzi.

Kijana_wa_Tabata
Git ni ya kwetu ipo humu humu ofisini. Maven inasoma Nexus ya ndani, ghala letu la maktaba, zote zipo pale. Nani ana muda wa kutunga kitu kama hiki saa hizi? Logi hii hapa nimeitoa sasa hivi:

`Failed to load: SSH Agent Plugin`
` - Failed to load: SSH Credentials Plugin`

na chini yake SSH Credentials nayo inataka Jenkins ya juu zaidi.

Kisu_Kikali
Nexus ungeitaja mapema. Haya, nipo pembeni nasoma.

Mama_Paipu
Chai au sio chai, hiyo logi ni ya kweli na kuna mwingine litamkuta. Kijana, mashine ya zamani bado ipo?

Kijana_wa_Tabata
Ipo, imezimwa tu. IT wanataka kuifuta wiki hii. Lakini dada mimi sitaki kurudi kule.

Mama_Paipu
Hurudi. Unaiwasha, Jenkins ya kule uhakikishe haijawaka. Zima Jenkins ya mashine mpya, `systemctl stop jenkins`. Folda ya plugins ya mpya iweke pembeni, usiifute. Kisha leta kutoka ya zamani plugins yote, secrets yote, credentials.xml na identity.key.enc, halafu `chown -R jenkins:jenkins /var/lib/jenkins`, ndipo uwashe. Jenkins ya zamani ilikuwa toleo lile lile?

Kijana_wa_Tabata
Ndiyo, 2.426.1. Nililiacha hivyo makusudi.

Mama_Paipu
Kwa leo imekusaidia, plagini za kule zitakaa bila ugomvi. Toleo la mteja likishatoka pandisha Jenkins, maana 2.426.1 ina lile tundu la usalama la CLI (sehemu ya kuiamuru kwa maandishi) la Januari 2024, CVE-2024-23897, mtu wa nje anaweza kusoma mafaili ya seva, na secrets ni mojawapo. Lilizibwa kwenye 2.426.3. Nenda kafanye, sisi tupo.

Kobe_wa_Java
Leta mrejesho usituache njiani.

Kijana_wa_Tabata
Mrejesho. Imewaka, hakuna Failed to load hata moja, sshagent inaonekana. Funguo zinafunguka. Ila sasa imefika kwenye scp inasema Host key verification failed. Niweke StrictHostKeyChecking=no, yaani isikague utambulisho wa seva, tuendelee?

Mama_Paipu
Hapana. Mashine mpya haijawahi kuonana na seva ya mteja ndo maana. Chukua `/var/lib/jenkins/.ssh/known_hosts` ya kule, ile orodha ya seva inazozitambua, uilete, iwe mali ya jenkins, ruhusa 600. Usizime ulinzi wakati jibu lipo kwenye mashine iliyo mbele yako. Na waambie IT wasiifute mpaka ubebe `/var/lib/jenkins` nzima pahali salama.

Kijana_wa_Tabata
Naileta sasa hivi. Ule mstari wa paswedi nimeutoa, sikuukomiti.