Mkate wa mahindi wa Sikukuu ya Shukrani: nichanganye nini bila kuuharibu?

Mama Wawili, Ohio

Habari zenu, ndugu zangu. Mwaka huu tumealikwa chakula cha Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na jirani ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Alabama. Yeye ataoka bata mzinga, nami nimeombwa nilete mkate wa mahindi. Sitaki ule wa boksi. Nataka kuuoka mwenyewe na kuutia vitu vya kuufanya uwe wa sikukuu. Nimefikiria jibini, pilipili, punje za mahindi, kranberi (matunda madogo mekundu yenye uchachu) zilizokaushwa na karanga za pekani. Je, unga wetu wa ugali unafaa, au ni lazima ninunue wa Kimarekani? Na ni vitu kiasi gani vinaweza kuingia katika kikaango kimoja bila mkate kubaki mbichi katikati au kumeguka unapokatwa? Sisi hatuli nguruwe, kwa hiyo mafuta ya bekoni, ambayo naambiwa ndiyo ya asili huko Kusini mwa Marekani, hayatatumika.

Fundi Keki, Houston

Mama Wawili, unga wa ugali unafaa, ila ujue tabia yake. Sembe imeondolewa makapi na kiini na kusagwa laini sana, kwa hiyo mkate utatoka mweupe na mwororo, lakini utakosa zile chembechembe ambazo watu wa Kusini huzitafuta mdomoni. Changanya nusu kwa nusu na unga wa mahindi uliosagwa kwa chembe kubwa kidogo. Usioufaa kabisa ni masa harina wa Wameksiko, kwa sababu mahindi yake huchemshwa katika maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na ladha yake itakupeleka kwenye tortilla, ile chapati yao. Soma pia pakiti kwa makini, maana ipo aina inayouzwa ikiwa tayari imetiwa beking pauda na chumvi. Ukiongeza zako, mkate hautalika.

Kwa kikaango cha chuma kizito cha inchi 10, tumia vikombe 1½ vya unga wa mahindi, nusu kikombe cha unga wa ngano, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, nusu kijiko cha chai cha beking soda, kijiko 1 cha chai cha chumvi, mayai 2, vikombe 1½ vya mtindi mwepesi na vijiko 4 vikubwa vya samli. Mahindi hayana gluteni, ndiyo maana mkate wa mahindi matupu humeguka. Ngano na mayai ndivyo vinavyoushika. Loweka unga wa mahindi katika mtindi kwa nusu saa ili chembe zilainike, lakini soda isiingie mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu ikikutana na uchachu wa mtindi huanza kutoa gesi papo hapo, na gesi hiyo ndiyo unayoitegemea kuumua mkate.

Kikaango kiwe ndani ya oveni tangu unapoiwasha, kwa nyuzi joto 425 za Farenihaiti, yaani kama 220 za Selsiasi. Kitoe, zungushia kijiko kimoja cha ile samli, kisha mimina rojo mara moja. Ni lazima lilie chwaa na kingo zianze kutokota. Lisipolia, kikaango hakijapata moto wa kutosha na hutapata ukoko. Dakika 20 hadi 25 zinatosha, na vitu vikiwa vingi uongeze kidogo. Jumla ya nyongeza isizidi kikombe kimoja, au kimoja na robo vikiwa vikavu. Kinachoacha katikati pabichi ni maji, wala si wingi wa aina.

Mzee wa Jikoni, Atlanta

Nakubaliana na Fundi, ila naomba niongeze jambo la uamuzi. Orodha yako, mama, ina mikate miwili ndani yake. Jibini, pilipili na punje za mahindi ni mkate wa chumvi unaokaa vizuri kando ya bata mzinga na mchuzi wake. Kranberi na pekani ni mkate wenye utamu, ambao watu wataupaka siagi na asali. Vyote vikiingia pamoja, hakuna kitakachosikika. Chagua upande mmoja.

Ukichagua wa chumvi, kwaruza jibini mwenyewe, kwani lile lililokwisha kukwaruzwa huwa limepakwa wanga ili lisigandamane, na haliyeyuki vizuri. Punje za mahindi ya barafu ziyeyushe, zichuje, kisha zikaange kwenye kikaango kikavu mpaka zianze kupata madoa ya kahawia. Pilipili za jalapeño zitoe mbegu na ngozi nyeupe ya ndani, zikate ndogo sana. Mimi huishia hapo, labda na kitunguu cha majani. Ukichagua wa utamu, pekani zikaushe kwenye oveni kwanza, na kranberi ziloweke kidogo katika maji ya uvuguvugu, uzifute, kisha uzipake unga mkavu zisizame chini.

Kuhusu sukari, mkate wa Kusini wa kizamani huwa nayo kidogo au hauna kabisa, na wa Kaskazini ndio wenye sukari nyingi. Mwenyeji wako ana asili ya Alabama. Usizidishe kijiko kimoja kikubwa.

Mtoto wa Pwani, Toronto

Kwa heshima zote, mzee wangu, sioni kwa nini utamu uishie kwenye kranberi. Tui zito mahali pa mtindi, iliki iliyotwangwa wakati huohuo na robo kikombe cha sukari hutoa mkate ambao hata wasiojua asili yake huomba kipande cha pili. Sharti ni moja: tui halina uchachu, kwa hiyo acha soda na utumie kijiko kimoja kikubwa cha beking pauda. Jibini lisikaribie hapo.

Mama Wawili, Ohio

Nawashukuru sana. Nitafuata njia ya jibini na pilipili, na wa tui nitaupikia watoto nyumbani. Je, niuoke kwangu asubuhi, au kule kwa mwenyeji? Oveni yake itakuwa na bata mzinga.

Fundi Keki, Houston

Uoke kule. Bata mzinga akishatoka hupumzishwa kama nusu saa kabla ya kukatwa, na huo ndio muda wako. Wakati mtindi na unga vinalowana katika bakuli lenye mfuniko, beba vitu vikavu vimechanganywa kwenye mfuko, jibini na pilipili peke yake, na kikaango chako. Bata akitoka tu, pandisha moto na uingize kikaango kitupu.

Lakini kabla hujanunua chochote, mpigie simu umuulize mkate anautakia nini. Kusini mkate wa mahindi hukaushwa siku moja, humegwa, huchanganywa na kitunguu, figili za majani, majani ya seji, mayai na supu ya kuku, kisha huokwa tena kuwa kitoweo cha kando ya bata. Ikiwa ndiyo kazi aliyoupangia, auhitaji mtupu, bila jibini, pilipili wala sukari, na auhitaji Jumatano.