Tupeane uzoefu: dawa za akili, uzito unaopanda na vidonge vya vitamini

Mwanzisha mada, Kisumu

Ndugu zangu, naanza mimi. Nilianzishiwa olanzapini mwaka 2021 baada ya kulazwa majuma matatu, na sina budi kukiri kwanza kwamba dawa hiyo ndiyo iliyonirudishia usingizi na kuzinyamazisha sauti zilizokuwa zikinitukana usiku na mchana. Nilitoka hospitalini nikiwa na kilo 61. Karibu na stendi ya mabasi huketi kijana mwenye mizani, unapanda kwa shilingi kumi, na mwezi wa tano aliutazama mshale, akanitazama mimi, akaniuliza iwapo nimesahau kuvua viatu. Nilikuwa na kilo 79, na viatu vilikuwa mkononi.

Njaa ya dawa hii si ya kawaida. Nilikuwa nikimaliza sahani ya ugali na omena saa mbili usiku, na ifikapo saa nne ninanyata jikoni kukwangua ukoko sufuriani gizani, mtu mzima mwenye watoto. Daktari alinieleza kwamba dawa huziba vipokezi vya histamini na vya serotonini ambavyo husaidia ubongo kutambua shibe, na kwamba inaweza kuvuruga kazi ya insulini hata kwa mtu ambaye hajanenepa sana, ndiyo maana sukari hupimwa hata kama nguo bado zinakutosha.

Kabla ya maelezo hayo nilikuwa nimekwisha kutoa shilingi 1,800 kwenye duka moja la dawa kwa chupa ya vitamini, nikihakikishiwa kwamba vitasafisha damu na kuyeyusha mafuta. Mkojo ukageuka manjano kama maji ya bizari, nami nikafurahi nikidhani sumu inatoka. Kumbe ilikuwa vitamini B2 iliyozidi mahitaji, ambayo figo huitoa hivyo hivyo. Nilinunua chupa tatu. Uzito haukupungua hata robo kilo. Wenzangu, ninyi mliponaje hapo?

Mzazi, Kakamega

Pole, mwanangu. Kosa la nyumbani kwetu lilikuwa kubwa kuliko lako. Kijana wangu anatumia klozapini, ambayo pamoja na hiyo yako ndizo zinazoongoza kwa kuongeza uzito, na alikuwa amechoka kutaniwa kuhusu tumbo lake. Jirani mwenye nia njema alimletea vitamini na kumwambia kwamba akizimeza hatahitaji tena dawa ya hospitali, basi akaacha kimyakimya, akawa anavificha vidonge ndani ya soksi. Juma la pili halali. La tatu tulimtafuta usiku kucha kwenye mashamba ya miwa, wanaume wakiwa na tochi na mimi nikiita jina lake hadi sauti ikakauka. Tulipomfikisha kliniki nilidhani atarudishiwa dozi yake, lakini tulielezwa kwamba aliyeikosa klozapini kwa zaidi ya saa 48 hurudishwa mwanzo kabisa, miligramu 12.5, kisha hupandishwa polepole, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla. Siku hizi namjazia managu na kunde kwenye sahani, ugali nampimia kiasi cha ngumi yake, na soda haiingii nyumbani. Vitamini za chupa sizichukii, ila hazina kazi hiyo.

Mkazi wa Busia

Mimi nilibadilishiwa kutoka olanzapini hadi aripiprazoli, hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa daktari. Nimepungua kilo sita kwa miezi minane. Majuma mawili ya kwanza sikutulia kitini.

Mwalimu, Nakuru

Naomba niongeze upande mwingine, kwa sababu kwangu vitamini moja ilikuwa ya lazima. Niliandikiwa metformini ili kuzuia uzito na sukari, nayo ilinisaidia, lakini baada ya miaka mitatu vidole vya miguu vikaingia ganzi, nikawa ninasimama darasani kana kwamba nimevaa soksi za pamba nzito. Nililaumu viatu, kisha baridi ya Nakuru. Ilibainika kuwa metformini ikitumiwa muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na kiwango changu kilikuwa chini sana. Nilidungwa sindano, na ganzi ikaondoka taratibu. Kwa hiyo mimi hununua vitamini baada ya maabara kusema ninachopungukiwa. Pia daktari ajue kila chupa uliyo nayo: niasini, yaani vitamini B3, kwa dozi kubwa huweza kupandisha sukari, na vitamini A na D hulimbikizana mwilini.

Mwanzisha mada, Kisumu

Mwalimu, nami ninameza metformini mwaka wa pili sasa, na sijawahi kupimwa B12. Nina kliniki Jumanne. Je, niende bila kula?

Mwalimu, Nakuru

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakihitaji kufunga. Wakitaka sukari ya kabla ya kula, utafunga kwa muda wa saa nane, maji unaruhusiwa. Piga simu maabara Jumatatu uwaulize ni kipi, na ubebe chupa zako zote, hata zile tatu.